Mwalimu wa Visima na Namba Nne: kisa kimoja cha kupandishwa cheo

Karatasi iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa na mistari miwili tu. Kamati ya upandishaji vyeo ya ndaki ilikuwa inakutana Alhamisi, na maktaba ilitakiwa kujaza safu iliyoachwa wazi kwenye majedwali ya waombaji wawili: faharasa-h, namba inayotumika kupima jinsi makala za mtafiti zinavyorejelewa na watafiti wengine. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi Agosti na nilikuwa na kazi nyingine zimenisubiri. Nikafungua Scopus, kanzidata ya makala za kitaaluma na marejeo yake, nikaandika jina la kila mmoja, nikanakili namba iliyotokea. Mwombaji wa kwanza, anayefundisha na kutafiti maji ya ardhini, alipata 4. Wa pili, mtafiti wa malaria, alipata 17. Sikutumia hata robo saa.

Robo saa hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Mimi ndiye niliyeitumia vile, na ilimgharimu mtu miezi minane ya maisha yake. Chuo sitakitaja, na waombaji nitawaita kwa kazi zao: mwalimu wa visima na mwalimu wa malaria. Wote wawili walikuwa wahadhiri waandamizi wakiomba uprofesa mshiriki.

Kwa kanuni zetu, cheo hicho kinadai alama za machapisho. Kila makala ina alama yake, inayogawanywa kwa kuangalia idadi ya waandishi na hadhi ya jarida. Faharasa-h haimo kwenye kanuni kabisa. Iliingia kama mgeni aliyekaribishwa na mtu mmoja, wengine wakamzoea, mwishowe akawa anakaa kiti cha mbele. Sababu inaeleweka. Kamati ina mafaili mengi, kila faili nene kama matofali mawili, na namba moja inaokoa muda.

Alhamisi niliitwa ndani. Mjumbe mmoja mtu mzima alikuwa ameweka kidole kwenye jedwali. "Mkutubi, hii nne ni ya nini? Dokta ana miaka kumi na tisa kazini." Nikajibu nilivyofundishwa: maana yake ana makala nne ambazo kila moja imerejelewa na watafiti wengine mara nne au zaidi. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia mtu yeyote mle ndani. Nikaona nyuso zikiligeukia faili la pili, lenye 17, na macho yakatulia huko. Ndipo profesa mmoja mama, aliyekuwa kimya tangu niingie, akaniambia: "Mwanangu, hebu kahesabu tena. Na safari hii utuambie umehesabu nini."

Nikapewa wiki mbili.

Mtu mmoja, namba tofauti

Faharasa-h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kuipata ni rahisi. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo, kisha unashuka ukihesabu mistari. Mstari wa mwisho ambao marejeo yake hayajapungua chini ya namba ya mstari wenyewe, hapo ndipo unaposimama. Ukurasa nilioufungua Jumatatu ulikuwa na makala sita za mwalimu wa visima, zilizorejelewa mara 19, 11, 6, 4, 3 na 0. Ya nne ina marejeo 4, inatosha. Ya tano ina 3, haitoshi. Basi ni 4.

Hirsch mwenyewe aliandika katika makala ile ile kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya picha ya juujuu ya mtafiti, na akaonyesha kuwa watu wa sayansi za viumbe huwa na namba kubwa kuliko wanafizikia. Faharasa ina tabia nyingine pia ambazo kamati yetu haikuwa imeambiwa. Haishuki: mtu akiacha utafiti leo, namba itabaki pale pale au itaendelea kupanda. Haiwezi kuzidi idadi ya makala, kwa hiyo aliyeandika tano bora kuliko zote katika fani yake hatavuka 5. Haiulizi makala iliandikwa na watu wangapi. Na haiulizi kwa nini mtu alirejelewa.

Nilianza na jina. Mwalimu wa visima alichapisha makala zake za mwanzo kwa jina la baba yake. Alipoolewa akaanza kutumia la mumewe, na kwenye makala moja aliyoandika na wenzake wa Ubelgiji, mhariri aliyafupisha majina yake yote matatu kwa namna ambayo hata mimi nilibabaika nayo. Kompyuta iliwaona watu watatu. Wapo watafiti wengi wa pwani na bara waliogawanywa hivi, maana mpangilio wa majina yetu hauna ukoo wa kudumu kama wanaoutegemea waliotengeneza mifumo hii. Dawa ipo tangu mwaka 2012, nayo ni ORCID, kitambulisho cha tarakimu kumi na sita kinachomfuata mtafiti hata akibadili jina mara kumi. Yeye hakuwa nacho. Hakuna aliyemwambia, na kumwambia ilikuwa kazi ya maktaba.

Nilipounganisha kurasa tatu ziliongezeka makala tatu, zenye marejeo 14, 7 na 2. Orodha ikawa 19, 14, 11, 7, 6, 4, 3, 2, 0. Sasa ya tano ina 6. Faharasa ikawa 5.

Nikaenda Google Scholar. Ilianza mwaka 2004, sawa na Scopus, ila kazi yake haifanani kabisa. Scopus huchagua majarida kwa vigezo na kuhesabu yaliyomo ndani ya majarida hayo. Google Scholar hupita kwenye tovuti ikikusanya chochote chenye sura ya kitaaluma: tasnifu, ripoti za mikutano, makala za hifadhi za vyuo, hata zilizoandikwa kwa Kiswahili. Huko mwalimu wetu alikuwa na 10. Lakini nilipozikagua kazi moja moja nikakuta mbili ni za mtu mwingine mwenye jina kama lake, anayeandika kuhusu uhasibu. Nikaziondoa. Ikashuka hadi 9.

Nisieleweke vibaya, simaanishi kwamba 9 ndiyo kweli na 4 ni uongo. Wavu mpana huleta takataka pamoja na samaki. Mwaka 2010 mtafiti wa Ufaransa, Cyril Labbé, alitunga mwanasayansi asiyekuwepo, akampa jina Ike Antkare, akaweka kwenye mtandao makala za upuuzi zilizotengenezwa na programu na zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na Google Scholar ikampa Ike Antkare faharasa-h ya 94. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na 4, 5, 10 na 9, zote za mwanamke mmoja katika juma moja, na kila moja ilikuwa jibu la swali tofauti. Kamati ilipewa ile ya kwanza bila kuambiwa swali lake.

Rafu ambayo haionekani

Google Scholar ilimwonyesha akiwa na kazi 31, Scopus 9. Tofauti hiyo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kazi kumi na mbili kati ya zilizokosekana zilikuwa kwenye jarida moja linalohaririwa hapa hapa Dar es Salaam. Linasomeka kupitia AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998 na kuendeshwa kutoka Afrika Kusini. Lakini kwenye Scopus halimo.

Kwa nini halimo? Watu hupenda kusema ni ubaguzi, na upo upande wa lugha usioweza kukanushwa, kwa kuwa kanzidata hizi zimejaa Kiingereza kuliko kitu kingine chochote. Ila kwa jarida hili sababu kubwa ni nyingine. Scopus hudai jarida litoke kwa wakati, lieleze wazi jinsi makala zinavyohakikiwa, liwe na ikisiri kwa Kiingereza na sera ya maadili ya uchapishaji. Wahariri wetu ni walimu wenye vipindi, wanafunzi wa kusimamia na mitihani ya kusahihisha, nao huhariri usiku bila malipo. Toleo la Juni likitoka Desemba watu hupongezana. Uhakiki wao ni mkali, nimeona barua za wahakiki kwa macho yangu. Lakini ukali wa uhakiki na utokaji kwa wakati ni mambo mawili, na kanzidata huliona la pili kwanza.

Mwalimu wa visima alipeleka kazi zake huko kwa makusudi. Wanaozihitaji ni wahandisi wa maji, watu wa mipango miji na walimu wa vyuo vya ufundi, na hao hawana uwezo wa kulipia majarida ya nje. Majarida ya nje yanayosomwa bure nayo mara nyingi humtoza mwandishi dola elfu moja na zaidi kwa makala moja.

Hapa nina neno kwa wakutubi wenzangu, maana chombo hiki ni chetu tangu mwanzo. Mwaka 1927 Gross na Gross, wa Chuo cha Pomona huko California, walikuwa na tatizo la maktaba ndogo: fedha kidogo, majarida mengi ya kemia, wanunue yapi? Wakachukua jarida kubwa la kemia la Marekani na kuhesabu ni majarida gani yalirejelewa humo zaidi. Eugene Garfield alichapisha mwaka 1955 wazo la kuwa na faharasa ya marejeo kwa sayansi yote, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaitoa kama kitabu. Kipimo cha athari cha jarida, kile wasomi wetu wanachokiita impakti fakta, kilitokea kwenye kazi hiyo hiyo ya kuchagua majarida. Unachukua marejeo ya mwaka huu kwa makala ambazo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyopita, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Kwa mkutubi anayepanga bajeti ni msaada mkubwa.

Kwa kumpima mtu ni balaa, na sababu ni za hesabu tu. Wastani hubebwa na wachache. Per Seglen alionyesha mwaka 1997 kwamba, katika majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala ndizo zilizovuta nusu ya marejeo yote. Jarida moja la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica sehemu A, lilipanda kutoka takribani 2 hadi karibu 50 kwa kipimo cha mwaka 2009 kwa sababu ya makala moja iliyotoka 2008, inayoeleza programu inayotumiwa na kila mtu katika fani hiyo. Waandishi wengine wa jarida lile hawakuwa bora mara ishirini na tano kwa usiku mmoja.

Halafu kuna hiyo miaka miwili. Utafiti wa kisima cha pwani hauendi hivyo. Unapima maji kabla ya masika, unapima baada yake, unasubiri vuli, unarudia mwaka unaofuata ili usidanganywe na mwaka mmoja wa ukame. Anayeusoma utafiti wako na kutaka kuuthibitisha naye atahitaji misimu yake. Makala ya mwalimu wetu inayorejelewa zaidi ilipata rejeo lake la kwanza baada ya miaka mitatu.

Nilivyosoma marejeo kumi na tisa

Katika wiki ya pili nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla ya hapo. Nilichukua makala yake yenye marejeo 19, nikatafuta makala zote 19 zilizoirejelea, nikasoma sentensi ambamo jina lake limetajwa na aya inayoizunguka. Ilinichukua siku nne. Siku hizo nne zilinifundisha mambo ambayo miaka yangu yote ya kunakili namba haikunifundisha.

Katika 11, jina lake limo kwenye utangulizi, katikati ya majina mengine matano au sita, kuunga mkono sentensi ambayo hakuna anayeibisha: kwamba miji ya pwani inayotegemea visima iko kwenye hatari ya maji ya bahari kupenya ardhini. Sentensi hiyo ingesimama bila yeye. Moja ilikuwa yake mwenyewe akijirejelea, jambo halali kabisa kwa mtu anayeendeleza kazi yake. Katika 5 alikuwa anatumika kwelikweli. Wawili walichukua vipimo vyake vya visima vya Temeke na Kigamboni wakavilinganisha na vya miji yao. Watatu walichukua njia yake ya kutenganisha chumvi inayotoka baharini na uchafu unaotoka kwenye vyoo vya shimo, kwa sababu vyote viwili huongeza uwezo wa maji kupitisha umeme na asiyejua hudhani kila kisima kibaya ni bahari.

Zikabaki mbili. Hizo zilimpinga. Moja ilisema vipimo vyake vya awali vilichukuliwa kiangazi tu, hivyo picha aliyotoa ilikuwa mbaya kuliko hali halisi. Nyingine ilirudia hoja hiyo. Ukihesabu, ni marejeo mawili yaliyomwongezea alama. Ukisoma, ni lawama mbili. Na ukisoma zaidi, ndipo unapokutana na kitu kizuri: makala yake iliyofuata, ile yenye marejeo 11, inaanza kwa kukiri kasoro hiyo, inarudi kwenye visima vile vile katika misimu yote, na inasahihisha namba zake mwenyewe kwenda chini. Mtafiti aliyeambiwa umekosea, akarudi kwenye tope, akapima upya, akatangaza kosa lake hadharani. Nilitaka kamati ione hilo kuliko kitu kingine chochote, na hakuna safu ya jedwali inayoweza kulibeba.

Kijitabu

Kwenye faili lake kulikuwa na barua ya ofisi ya serikali ya mtaa, iliyowekwa mwishoni kabisa kama vile mwenyewe aliionea haya. Ilitaja kijitabu chake cha kurasa 24 kwa Kiswahili kuhusu kuchimba na kutunza kisima karibu na bahari. Kamati iliipita barua ile. Jumamosi moja nikashuka Feri, nikapanda pantoni kwenda Kigamboni.

Mwenyekiti wa mtaa nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, akanikaribisha, nikamweleza kilichonileta. Akaingia ndani akatoka na nakala iliyorudufiwa, imefungwa kwa nailoni, kingo zimechakaa. "Huyu mama mwalimu alikuja hapa akapima kisima cha msikiti mara nane," aliniambia. "Nane, mwanangu. Wengine huja mara moja wanapiga picha wanaondoka."

Akanieleza habari za mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji. Kila mwenye uwezo alitaka kuchimba, na wenye visima walitaka kuvuta usiku na mchana ili wauze ndoo. Kijitabu kina jedwali linaloonyesha kina, umbali kutoka ufukweni na saa za kuvuta kwa siku kabla maji matamu hayajaanza kuvutia ya bahari chini yake. Mwenyekiti alilibandika jedwali hilo ukutani mwa ofisi na kulitumia kusuluhisha ugomvi. Kama chumvi ilipungua kwenye visima vya mtaa ule, hakuna aliyepima kabla na baada, kwa hiyo kwenye ripoti yangu sikudai hivyo. Niliandika kwamba kinatumika, kinatumikaje, na nani amenionyesha.

Kwa kanuni zetu, kijitabu hicho kina alama sifuri.

Makala ya siku nne

Ningekuwa nimetengeneza hadithi nzuri kama ningeishia hapo. Lakini kwenye faili lile lile kulikuwa na makala moja ya mwaka 2014 katika jarida ambalo nilipolifungua niliumia. Jarida lilijiita la kimataifa, lilichapisha kuanzia kilimo hadi falsafa, na kwenye ukurasa wa mbele lilijitangazia kipimo cha athari cha kampuni ya kuiga, ambayo kazi yake ni kuuza namba. Hili ni jarida la kitapeli. Yalikuwa mengi sana miaka ile. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliyaorodhesha kwa miaka kadhaa hadi alipoifunga orodha yake Januari 2017.

Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa visima ofisini kwake. Hakujitetea. Alisema alipokea barua pepe ya kumwalika, akatuma, akajibiwa baada ya siku nne kwamba imekubaliwa bila marekebisho, akalipa. "Nilijua kuna kitu," alisema. "Makala isiyorudishwa hata kwa koma moja, ukweli nilijua. Lakini dirisha la maombi lilikuwa linafungwa na kanuni inasema jarida la kimataifa." Kweli, kanuni ilisema hivyo, na ilitafsiriwa kumaanisha lililochapishwa nje ya nchi. Kwa tafsiri hiyo, makala ya siku nne ilikuwa imepewa alama kamili, na makala kumi na mbili zilizohakikiwa na kuchambuliwa hapa Dar es Salaam zilipewa nusu alama kila moja.

Nililiandika hilo kwenye ripoti pia. Nilimwambia kabla sijaandika, akasema niandike.

Mwenye kumi na saba

Mwalimu wa malaria hakuwa mpinzani wake. Nafasi hazikuwa za kugombea. Kila mmoja alipimwa peke yake. Lakini namba mbili zikikaa kwenye ukurasa mmoja hugombana zenyewe, kwa hiyo nilimfanyia naye kazi ile ile.

Alikuwa na makala 41. Kubwa kuliko zote ilikuwa na waandishi 87 kutoka nchi kadhaa. Hilo si la ajabu katika sayansi ya leo; mwaka 2015 makala moja ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Alikuwa mwandishi wa kwanza kwenye makala tatu. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema 17 yake ni ya kupanda lifti. Niliposoma maelezo ya nani alifanya nini, ambayo majarida ya tiba huyadai, nilikuta yeye ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa mbu katika kata kadhaa kwa miaka mitano na kuwafundisha vijana waliokaa usiku kucha wakiwanasa. Bila kazi hiyo makala ile isingekuwa na kitu cha kuchambua upande wa Tanzania. 17 ilikuwa inamkuza kwa upande mmoja na kumficha kwa mwingine, maana ujuzi wake halisi ulikuwa shambani na namba ilimwonyesha kama mwandishi.

Kikao cha pili

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa tisa. Niliambatisha mambo mawili ambayo kamati inaweza kuyasoma yenyewe. La kwanza ni Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linalotaka vipimo vya jarida visitumike kama mbadala wa kupima makala yenyewe au mtu. La pili ni Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye misingi kumi, na wa tatu wake unataka utafiti bora unaohusu mahali husika ulindwe.

Mjadala ulikuwa mrefu. Mjumbe mmoja alisema jambo ambalo bado nalifikiria: kwamba namba, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo iliyowakinga vijana dhidi ya wakubwa waliokuwa wakipandisha vyeo kwa kujuana. "Mkituondolea namba, tutarudi kwenye nani mtoto wa nani." Ni hoja nzito na aliyeitoa aliyaishi hayo. Jibu nililolitoa wakati ule lilikuwa dhaifu. Nikiulizwa leo ningesema hatuondoi namba, tunaidai itaje imetoka wapi, kama tunavyomdai shahidi aseme alisimama wapi alipoona. Na wanaomsoma mwombaji wawe watu wa nje ya chuo, ili wasijue ni mtoto wa nani.

Wakaamua hivi. Kila mwombaji alete kazi tano anazozichagua mwenyewe, na kwa kila moja aeleze kwa ukurasa mmoja mchango wake ni upi, nani ameutumia, na kasoro yake ni nini. Zipelekwe kwa wasomaji wawili wa nje walio katika fani hiyo. Makala ya 2014 ifutwe kwenye hesabu. Hapo ndipo miezi minane ilipokwenda, kwa sababu wasomaji wa nje hawalipwi na hujibu wanapopata nafasi.

Wote wawili walipanda. Mwalimu wa malaria alipita haraka. Kwa mwalimu wa visima, msomaji mmoja alimsifia, wa pili aliuliza maswali magumu kuhusu idadi ya visima vyake kuwa ndogo, akajibu, ikakubaliwa. Kati ya kazi tano alizochagua, tatu zilikuwa za jarida la hapa nyumbani. Ile yenye marejeo 19 hakuichagua. Alichagua ile ya kujisahihisha.

Jedwali la kamati lina safu mpya sasa. Pembeni ya faharasa-h kuna nafasi ya kuandika kanzidata, tarehe, na jina la aliyekagua majina. Mimi hukaa na kila mwombaji kwa saa moja tukiipitia orodha yake, na wahadhiri wapya wote huandikishwa ORCID siku ya kupokelewa. Neno "kimataifa" kwenye kanuni limepelekwa ngazi ya juu ili lipatiwe maana nyingine, na bado linajadiliwa.

Kijitabu hakijapata safu. Nimekiingiza kwenye katalogi ya maktaba kwa jina la sasa la mwalimu wa visima, na majina yake mawili ya zamani nikayafungamanisha nalo. Nakala tatu nilizoweka rafuni hazikai. Mwezi uliopita zote tatu zilikuwa nje, moja ikiwa imeazimwa na mwanafunzi wa uhandisi anayetoka Mbagala, aliyeniuliza kama naweza kumwongezea wiki moja kwa sababu baba yake anaisoma. Nimemwongezea, na azimo hilo nimeliandika kwenye barua ya pili niliyoipeleka kwa kamati.